Kidhibiti mtelezo: gari la kifahari katika barabara ya theluji

Kidhibiti mtelezo ni mfumo wa kielektroniki unaozuia magurudumu yanayolisukuma gari yasizunguke bure dereva anapokanyaga mafuta mahali penye utelezi. Magari ya kifahari ya Ujerumani ndiyo yaliyoutangaza katikati ya miaka ya 1980, na majira ya baridi ya Ulaya ndiyo yaliyoufanya uhitajike. Wauzaji wa magari wamezoea kuusifu kana kwamba unalipa gari mshiko barabarani. Sifa hiyo inapotosha. Mshiko hutoka kwenye tairi na kile linachokikanyaga, na kompyuta haiwezi kuuongeza hata chembe. Kazi ya mfumo huu ni kutumia kwa uangalifu mshiko mdogo uliopo, na hasa kuilinda ile sehemu yake inayolibakiza gari kwenye njia yake. Anayeupima kwa swali la kama gari litapanda mlima anaupima kwa kipimo kisicho chake.

Hesabu yake si ngumu. Wahandisi hupima mshiko kwa mgawo wa msuguano, yaani uwiano kati ya nguvu ambayo tairi linaweza kuifikisha barabarani na uzito unaolikandamiza. Kwenye lami kavu mgawo huo huwa karibu 0.8 au zaidi kidogo. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari huwa kati ya 0.2 na 0.3, na kwenye barafu tupu unaweza kufika 0.1 au chini ya hapo. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huteleza kuliko ile ya baridi kali, kwa sababu juu yake hutanda utando mwembamba wa maji. Ndiyo maana asubuhi ya nyuzi 1 chini ya sifuri inaweza kuwa mbaya kuliko usiku wa nyuzi 20. Sasa chukua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo nusu ya uzito wake imelalia ekseli ya nyuma. Penye mgawo wa 0.1, nguvu yote linayoweza kujisukuma nayo ni asilimia 5 ya uzito wake. Mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 unatosha kulikwamisha, hata programu yake ya kompyuta iwe bora namna gani.

Ukali wa hesabu hiyo huonekana wazi zaidi katika gari la kifahari. Mercedes-Benz S 600 Coupé ya mwaka 1995 ilikuwa na injini ya silinda 12 yenye msokoto wa nyutoni-mita 570, ndani ya gari la zaidi ya tani 2 lililosukumwa na magurudumu ya nyuma. Msokoto huo ukishazidishwa na gia ya kwanza na difu, nguvu inayofika kwenye magurudumu inaishinda ile ambayo barafu inaweza kuipokea kwa zaidi ya mara kumi. Mguu ukizidi kidogo tu kwenye pedeli, matairi yanaachia. Tena kuna jambo lisilotajwa sana. Mnunuzi wa gari la namna hii amelipia utulivu: vioo vya tabaka mbili, mipira inayomeza mitikisiko, usukani mwepesi. Vitu hivyo hivyo humnyima dereva habari. Katika gari dogo la bei nafuu, gurudumu likianza kuzunguka bure injini hupiga kelele, kiti hutetemeka, na dereva hujua mara moja kwamba chini kuna barafu. Katika gari la kifahari hana anachosikia isipokuwa redio, na ile taa ndogo ya manjano inayowakawaka kwenye dashibodi huwa ndiyo mjumbe pekee anayemwambia kwamba ameshafika mwisho wa mshiko. Naona nusu ya thamani ya mfumo huu imo katika taa hiyo, na ni nusu ambayo madereva wengi huipuuza.

Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1971 Buick ya Marekani ilitoa kifaa kilichoitwa MaxTrac, kilicholinganisha mwendo wa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kilipoona ya nyuma yamekimbia kilikata moto wa plagi kwa vipindi vifupi. Hakikudumu. Kilichofungua njia hasa ni breki zisizokwamisha magurudumu, ABS, ambazo Bosch na Mercedes-Benz walizileta kwenye S-Class mwishoni mwa 1978. Gari likishakuwa na sensa ya mwendo kwenye kila gurudumu, kompyuta ya kuzisoma na pampu ya kuamuru breki, sehemu kubwa ya kazi imekwisha: kuzuia gurudumu lisikwame wakati wa kusimama na kulizuia lisizunguke bure wakati wa kuondoka ni tatizo moja lililogeuzwa. Haikuchukua miaka kumi Bosch ikaleta kidhibiti mtelezo chake kilichoitwa ASR, nao ukaanzia tena kwenye S-Class. Mwaka 1995 ukafuata ESP, uliobuniwa na kundi la Bosch lililoongozwa na Anton van Zanten. Huo uliongeza sensa ya usukani na sensa inayotambua gari likigeuka kuliko dereva anavyotaka, ili breki ya gurudumu mojamoja ilirudishe njiani. Sehemu kubwa ya majaribio ya mifumo hii hufanyika Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, juu ya maziwa yaliyoganda, ambako kila majira ya baridi kampuni za magari huchonga njia za duara na za kona juu ya barafu.

Namna kifaa kinavyofanya kazi ndiyo inayozaa pingamizi la kwanza dhidi ya hoja ya makala hii. Kompyuta ikiona gurudumu la kusukuma linazunguka kwa kasi kuliko mwendo wa gari unavyoruhusu, ina njia mbili. Ya kwanza ni kuipunguzia injini nguvu, kwa kubana hewa, kuchelewesha cheche au kukata mafuta, hata kama dereva bado amekanyaga. Ya pili ni kulifunga breki gurudumu lile lile linalokimbia. Mfikirie dereva anayeondoka pembezoni mwa barabara ya mji, magurudumu ya kulia yakiwa juu ya barafu iliyokusanyika ukingoni na ya kushoto juu ya lami iliyosafishwa. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili msokoto uleule, kwa hiyo lile la kushoto, ingawa limesimama pazuri, halipati zaidi ya kile kidogo ambacho lile la kulia linaweza kukibeba. Kompyuta ikilifunga la kulia, difu inakutana na ukinzani, na la kushoto linapata msokoto wa kuliondoa gari. Pampu ya breki husikika ikinguruma chini ya boneti, kisha gari linasogea. Je, hapo mshiko haukuongezeka? Haukuongezeka. Ule wa lami ulikuwapo tangu mwanzo, ila difu ndiyo iliyouzuia usitumike. Sogeza magurudumu yote mawili juu ya barafu, na hila hiyo haifui dafu.

Pingamizi la pili huletwa na wenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, ambayo siku hizi ni sehemu kubwa ya soko la kifahari, tangu Audi ilipoanza na Quattro mwaka 1980. Ni kweli kwamba uzito wote wa gari ukitumika kusukuma, ule mwinuko wa asilimia 5 hupanda hadi karibu asilimia 10. Lakini kila gari, liwe la bei gani, tayari lina breki kwenye magurudumu manne, na hapo faida ya kusukuma kwa yote manne huisha. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linalofunga breki kwenye lami kavu husimama baada ya mita 12 hivi. Kwenye theluji yenye mgawo wa 0.2 huhitaji karibu mita 50, na kwenye barafu ya 0.1 karibu mita 100, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Gari linaloondoka kwa urahisi humdanganya dereva kuhusu barabara aliyomo, kwa kuwa wepesi wa kuondoka ndio kipimo chake cha kwanza cha utelezi. Hilo ni gari la kuhofiwa zaidi, na nguvu ya magurudumu manne isiyo na taa ya onyo na kidhibiti juu yake ni nusu ya dawa.

Wapo pia wanaodai kwamba dereva hodari huishinda kompyuta. Katika hali moja wana haki. Tairi hupata msukumo wake mkubwa likiteleza kidogo tu, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 zaidi ya mwendo wa gari, na kompyuta hulenga hapo. Kwenye theluji nyingi iliyolegea, au mchangani, mambo hubadilika: gurudumu linahitaji kuchimba, kurusha theluji ya juu na kutafuta kigumu chini, na kidhibiti kinachokata nguvu kila linapoanza kuchimba huliacha gari limekwama. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe waliweka swichi ya kukizima, na vitabu vya magari hushauri itumike penye theluji ya kina, wakati wa kulitikisa gari mbele na nyuma lijinasue, na linapofungwa minyororo kwenye matairi. Gari likishatoka, kidhibiti kinatakiwa kurudishwa. Nje ya hali hiyo dai la dereva hodari halisimami, kwa sababu hata hodari ana pedeli moja tu ya breki, na haiwezi kulifunga gurudumu moja na kuyaacha matatu.

Hoja nzito zaidi ni ya takwimu, na hapa inafaa kuwa makini, kwa kuwa matangazo huchanganya kidhibiti mtelezo na ESP. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba magari yenye ESP yalipunguza ajali kwa kiasi kikubwa zaidi kwenye barafu na theluji, karibu asilimia 38, kuliko kwenye lami kavu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilipotoa kanuni yake mwaka 2007, ilikadiria kwamba ajali za gari moja zingepungua kwa asilimia 34 katika magari madogo ya abiria na asilimia 59 katika magari ya aina ya SUV. Magari mapya ya abiria yalilazimishwa kuwa na mfumo huo Marekani kuanzia yale ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ukaukamilisha ulazima wake Novemba 2014. Takwimu hizi ni za mfumo unaolinda uelekeo wa gari, nazo zinaunga mkono hoja ya makala hii: faida kubwa ilionekana pale kompyuta ilipopewa kazi ya kulibakiza gari njiani. Zipo habari zisizopendeza pia. Mjini Munich, teksi zenye ABS zilifuatiliwa sambamba na zisizokuwa nayo, na hazikupata ajali chache zaidi. Madereva wake walionekana kuendesha kwa papara. Dereva anayejua kwamba mashine inamkinga huweza kuitumia kinga hiyo kwa kuongeza mwendo.

Kinachobaki ni tairi. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ilhali wa tairi la baridi hubaki laini, na mikato yake midogo hubana theluji ndani yake. Serikali zimelielewa hilo kuliko wauzaji wengi. Ujerumani humtaka dereva awe na matairi ya baridi kila barabara inapokuwa na theluji au barafu. Sweden huyataka kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi, yenye kina cha mikato kisichopungua milimita 3. Jimbo la Quebec nchini Kanada liliyafanya ya lazima mwaka 2008. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokubali kidhibiti mtelezo kiwe badala ya matairi. Gari la kifahari lenye matairi mapana ya kiangazi kwenye barafu hupitwa mlimani na gari dogo la zamani lenye matairi ya baridi, na si ajabu.

Afrika Mashariki haina barafu barabarani, lakini vifaa hivi vimo humo kwa wingi, kwa kuwa magari yaliyotumika Japani yalitengenezwa kwa nchi ambayo kisiwa chake cha Hokkaido huzikwa na theluji. Toyota Mark X na Crown nyingi zinazozunguka Dar es Salaam na Nairobi zina swichi iliyoandikwa SNOW, inayofanya gari liondoke kwa upole zaidi, na nyingine ya kuzima kidhibiti. Masika, kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa juu juu, ile ya kwanza ina kazi halali, kwani tope jembamba juu ya ardhi ngumu lina tabia ya barafu. Tope la kufika magotini lina tabia ya theluji iliyolegea, na hapo swichi ya kuzima ndiyo inayofaa.

Magari ya umeme yameongeza ukurasa mpya. Mota hubadili msokoto wake kwa kasi ambayo injini ya petroli haiwezi kuifikia, na BMW ilipotoa i3s mwaka 2017 iliihamishia kazi ya kudhibiti mtelezo kwenye kompyuta ya mota yenyewe badala ya kuingojea ile ya breki. Mota hiyo hiyo, dereva akiinua mguu, hugeuka jenereta na kuyashika magurudumu, jambo ambalo kwenye barafu linaweza kuyafanya yaserereke bila breki kuguswa. Kwa hiyo katika gari la umeme kidhibiti hulazimika kufanya kazi hata mguu wa dereva usipogusa pedeli yoyote.