Karatasi za familia, kumbukumbu ya Mavivi: namna ya kuzilinda

Mavivi iko kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya Oicha. Watu wa mbali wanaijua juu ya uwanja wa ndege. Lakini nani alifyeka shamba hili, familia gani ilitoka Butembo au Lubero kuja kulima huku, nani alizikwa wapi: hayo hayaonekani kwenye ramani.

Karatasi nyingi za wakati wa ukoloni ziko Ubelgiji, mjini Brussels na Tervuren, na ziliandikwa na maofisa, si na wakulima. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa Kongo ilifanyika 1984. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia yetu imo ndani ya sanduku na mikoba ya familia. Na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, karatasi hizo zinaungua pamoja na nyumba ao zinaachwa nyuma watu wanapokimbia.

Karatasi gani zina historia?

Si vyeti vya serikali tu.
- Karte ya ubatizo: inataja wazazi, msimamizi, parokia na tarehe.
- Buletini na diplome: zinaonyesha shule gani zilikuwa zikifanya kazi, na mwaka gani.
- Karatasi ya kuuziana shamba: ina majina ya mashahidi, ya chifu, na mipaka.
- Daftari la kuuza kakao ao kahawa, na daftari la likirimba: yanaonyesha bei na nani alikuwa jirani ya nani.
- Daftari la michango ya kilio: mara nyingine ndiyo fasi pekee jina la marehemu limeandikwa pamoja na siku ya kifo.
- Karte za kura, karte za chanjo wakati wa Ebola (2018 hadi 2020), na foto.

Kusoma mihuri na majina

Angalia muhuri kwanza: unasema nani alikuwa akitawala siku ile. Karatasi moja inasema Congo Belge, nyingine Zaire (1971 hadi 1997), nyingine ina alama ya RCD-K/ML, waasi waliokuwa na makao Beni. Tangu Mei 2021 utaona sahihi za wanajeshi, juu ya utawala wa kijeshi katika Kivu Kaskazini.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, kwa hiyo baba mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye karte ya ubatizo na lingine kwenye karatasi ya Zaire. Usitupe hata moja. Andika kando kwamba ni mtu mmoja. Tena kwa Wanande jina linafuata namna mtoto alivyozaliwa: Kambale ni kijana wa pili, Kasereka wa tatu. Ukiandika "Kambale" peke yake nyuma ya foto, kiisha miaka ishirini hakuna atakayejua ni Kambale wa nyumba gani. Andika majina yote, jina la baba na mama, mtaa, na mwaka.

Namna ya kulinda

1. Kusanya karatasi zote fasi moja, katika mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, mbali na moshi wa jikoni na mchwa. Mfuko uwe karibu na mlango, na kila mtu mkubwa nyumbani ajue uko wapi.
2. Piga foto kila karatasi kwa telefone, mchana, pande zote mbili, mihuri isomeke.
3. Tuma kopi kwa ndugu wawili wanaokaa fasi mbalimbali, mfano Butembo na Kampala. Telefone moja inaweza kuibiwa njiani.
4. Usibandike skochi, wala usifunike karatasi ya asili kwa plastiki ya moto; haiwezi kutolewa tena. Fanya hivyo kwa fotokopi.
5. Nyuma ya foto andika polepole kwa kalamu ya risasi, si kwa biki.

Wasiokuwa na karatasi

Familia nyingi za Wambuti, na wengi waliokimbia vijiji vyao usiku, hawana kitu mkononi. Kwao sauti ndiyo karatasi. Keti na mzee, rekodi katika luga anayoizoea. Usimwulize mwaka, mwulize kama ni mbele ya Mulele (1964) ao nyuma, wakati wa Zaire ao wakati wa AFDL. Sema mwanzoni jina lake, siku na mahali, na umwombe ruhusa.

Tahadhari

Orodha za waliouawa, foto za watu wenye uniforme, ao majina ya mashahidi vinaweza kuleta shida kwenye bariere. Usivitembeze kwenye telefone bila sababu, wala usivitume kwenye makundi ya WhatsApp.

Na watoto wanaozaliwa leo? Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya eta sivili. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali. Mama aliyejifungua katika ukimbizi anaweza kuanza na karatasi ya hospitali ao ya santre de sante: ailinde, juu ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto alizaliwa, na wapi.