Silaha ya Kujilinda katika Nchi ya Mbulu

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii fupi ndiyo kanuni ya kwanza ya kila mtu achaguaye silaha ya kujilinda, awe mchungaji ashikaye mkuki malishoni au mfanyabiashara wa mjini afichaye bastola chini ya koti lake. Silaha isiyokuwapo saa ya hatari si silaha. Walakini kanuni hii peke yake haitoshi, kwa maana imefungamana na maswali mengine matatu. Adui anayeogopwa ni nani? Silaha hulishwa na nani, yaani risasi, baruti au mishale yake hutoka wapi? Na baada ya silaha kutumika, aliyeitumia hubaki katika hali gani mbele ya jirani zake na mbele ya sheria? Historia ya nchi ya Mbulu huyajibu maswali hayo kwa namna isiyotazamiwa, na kwa sababu hiyo yafaa kuchunguzwa.

Endagikot ni mahali katika nyanda za juu za Mbulu, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara. Upande wa mashariki nchi hukatika ghafula na kuteremka kwa ukuta wa Bonde la Ufa hata Ziwa Manyara; upande wa kusini husimama Mlima Hanang. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wenye lugha ya jamii ya Kikushi cha kusini, wakulima wafugao pia ng'ombe. Jirani zao ni Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, na ng'ambo yao ni Wamasai. Katika karne ya 19 kiini cha Wairaqw kilikuwa Irqwar Da'aw, katika milima ya Kainam, na nyanda zilizo wazi kuizunguka zilikuwa za hatari, kwa kuwa vijana wa Kimasai walikuwa wakija kuteka ng'ombe.

Adui wa namna hiyo hakuja peke yake wala hakuja kwa siri. Alikuja kwa kundi, mwenye mkuki mrefu na ngao ya ngozi, naye alikuwa amelelewa kwa vita tangu ujana wake. Mkulima mmoja aliyesimama mlangoni kwake, hata akiwa hodari kiasi gani, hakuweza kuzuia kundi kama hilo. Basi Wairaqw walichagua ulinzi wa namna nyingine: waliificha nyumba. Walichimba ubavu wa kilima, wakajenga nyumba ndani ya shimo, wakaifunika kwa miti na udongo hata dari likalingana na ardhi ya mteremko. Aliyetazama kutoka juu aliona kilima tu, na mlango ulikuwa upande wa chini. Usiku watu na mifugo waliingia pamoja. H. A. Fosbrooke, aliyeandika juu ya njia za kujihami za makabila ya kaskazini katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* katika miaka ya 1950, alizieleza nyumba hizi kuwa ni matokeo ya moja kwa moja ya mashambulio hayo.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika nchi hii kilichofichwa kilikuwa nyumba, wala si silaha. Mkuki, upinde na fimbo vilichukuliwa mkononi, vikaonekana na watu wote. Kila kimoja kilikuwa na faida yake na upungufu wake. Upinde hufika mbali na kumwezesha mnyonge kumwumiza mwenye nguvu kabla hajakaribia, lakini huhitaji nafasi, na hautumiki vema katika nyumba ya giza. Mkuki hutegemea nguvu na ujasiri, na ukisharushwa mwenyewe hubaki mikono mitupu. Fimbo haiui upesi, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo silaha ifaayo zaidi katika ugomvi wa jirani kwa jirani, ambao kesho yake watahitajiana katika kulima na kuzika. Tena silaha iliyo wazi husema kabla ya mwenyewe kusema. Humwonya ajaye, naye hupata nafasi ya kugeuka. Ulinzi mwingi hukamilika hapo, pasipo damu kumwagika.

Wakati huo huo bunduki zilikuwa zikimiminika pwani. Balozi wa Kiingereza wa Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa gumegume na magobori yaliyochakaa, masalio ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata bunduki za viasi. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa ruga-ruga wenye bunduki hizo. Lakini gobori lina bwana wawili: mmoja ni yule alishikaye, na wa pili ni yule auzaye baruti. Njia ya biashara ikifungwa, chuma hicho huwa rungu tu. Upinde wa mlimani haukuwa na bwana wa pili. Mti wake ulikatwa msituni, na uzi wake ulitoka kwa mnyama.

Ushahidi ulio wazi kabisa ulitokea Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walilivizia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Jeshi hilo lilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, lakini mizinga ilikuwa ingali juu ya wanyama wa mizigo, na msafara ulikuwa umenyooka katika njia nyembamba. Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki, waliuangamiza kwa muda mfupi, na Zelewski mwenyewe akauawa. Hiyo ndiyo fimbo ya mbali, ingawa ilikuwa ya chuma na ilitoka Ulaya. Wahehe waliteka bunduki zipatazo mia tatu. Lakini bunduki za kutekwa hulishwa risasi za kutekwa, na ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894.

Katikati ya mambo hayo, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mapatano ya tarehe 2 Julai 1890. Pamoja na kupinga biashara ya watumwa, mapatano hayo yalizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha nafasi kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Tangu hapo uteuzi wa silaha haukuwa tena wa mtu peke yake. Serikali ndiyo iliyochagua nani awe na bunduki ya viasi na nani abaki na gobori, na kipimo chake hakikuwa ukubwa wa hatari iliyomkabili mtu bali rangi yake na utii wake.

Je, Wairaqw waliokokaje? Hawakuokolewa na silaha yo yote. Kuanzia miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliua ng'ombe wa Wamasai kwa wingi, ndui na njaa zikafuata, na nguvu ya vijana wao wa vita ikavunjika. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita sehemu hizi mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa njaa. Kisha katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Wajerumani walijenga boma lao Mbulu. Wairaqw walianza kushuka kutoka Irqwar Da'aw, wakaenea upande wa Karatu kaskazini na upande wa Hanang kusini, na nyumba zao zikatoka ardhini polepole zikajengwa juu yake. Amani hiyo ilikuwa na bei yake, yaani kodi, kazi ya shuruti na utawala wa mgeni. Walakini kilichoondoa haja ya kujificha kilikuwa kutoweka kwa adui, wala si kupatikana kwa bunduki.

Bastola ni mtoto wa dunia nyingine. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola ya kuzunguka mwaka 1836, na mwishoni mwa karne hiyo John Browning akaunda bastola za kujiendesha, nyembamba kiasi cha kukaa mfukoni. Huchaguliwa kwa mizani isiyopata kulingana sawasawa. Ikiwa ndogo, hufichika vema na huchukuliwa kila siku. Lakini mtutu wake mfupi hufanya shabaha kuwa ngumu, na wepesi wake hufanya mkono urushwe kwa nguvu kila ipigwapo. Ikiwa kubwa, hutulia mkononi na hubeba risasi nyingi. Lakini huchosha, huonekana chini ya nguo, na mwisho huachwa nyumbani. Ile ya kuzunguka ni sahili na haikwami upesi, ila risasi zake aghalabu ni tano au sita. Ile ya kujiendesha hubeba zaidi, ila hudai mazoezi na usafi. Juu ya yote, silaha iliyofichwa lazima kwanza itolewe, na mshambuliaji aliye hatua chache tu hangoji.

Lakini siri yenyewe ina tabia mbili. Humlinda mwenye silaha asinyang'anywe, na pia humwondolea adui lile onyo ambalo mkuki ulitoa. Tena siri haijui haki. Rais Abraham Lincoln alipigwa kwa bastola ndogo ya Deringer iliyofichika kwa urahisi, tarehe 14 Aprili 1865. Tarehe 28 Juni 1914, huko Sarajevo, Gavrilo Princip alitoa bastola ya namna ya Browning akawaua wawili, na kutoka kisa hicho vita vikawaka Ulaya. Mkulima wa Mbulu hakujua habari za Sarajevo. Hata hivyo mwezi Aprili 1916 majeshi ya Van Deventer yaliichukua Kondoa, kusini mwa nchi yake, na vita hivyo vilimeza wapagazi wa Kiafrika kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Baada ya uhuru swali halikufa, lilibadilika sura tu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na dhiki ya uchumi iliyofuata vilileta ujambazi na wizi wa mifugo. Katika Usukuma na Unyamwezi, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, wanavijiji waliunda sungusungu. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale, lakini nguvu yao ilikuwa yowe: mmoja akipiga, kijiji kizima hutoka, na kijiji cha pili huziba njia. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Pamoja na kazi hiyo njema palikuwa na dhuluma, kwani wako walioadhibiwa au kuuawa pasipo kuhukumiwa. Maana hata silaha ya wengi yahitaji mwenye kuiuliza.

Kwa upande wa mtu mmoja, sheria ya mwaka 1991 juu ya silaha na risasi, na ile ya mwaka 2015 iliyoshika mahali pake, zimeweka wazi kwamba hapana amilikiye bastola pasipo leseni. Nayo Kanuni ya Adhabu humpa kila mtu haki ya kujitetea, ila kwa nguvu ya kiasi, ile tu iliyo ya lazima. Hapa ndipo swali la nne linaposimama. Aliye na fimbo ana daraja nyingi kati ya kuonya na kuua. Aweza kuinua, kukinga, kupiga mguu. Mwenye bastola ana daraja chache mno, naye hutakiwa kuichagua moja gizani, katika nukta moja, kisha aieleze mchana mbele ya hakimu na mbele ya wazazi wa aliyekufa.

Haifai kumcheka mtu aishiye peke yake, mbali na kituo cha polisi, aogopapo usiku. Hofu yake ni ya kweli, na methali ya fimbo ya mbali yamhusu. Wala haifai kudhani kwamba wazee wa Irqwar Da'aw walikuwa watu wa amani tupu; walikuwa na mikuki, na waliitumia. Ila walimpima adui kwanza, ndipo wakachagua. Walipoona kwamba silaha ya mtu mmoja haitoshi, hawakutafuta iliyo kali zaidi. Walichukua jembe, wakachimba, wakaingiza ndani watoto na ng'ombe, wakafunga mlango.