Kikwembe katika mwendo wa mvua (Bukavu)

Kikwembe (wingi: vikwembe) ni kitambaa cha pamba chenye chapa za rangi, kisichoshonwa, ambacho wanawake wa Bukavu na vijiji vya jirani, katika jimbo la Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujifunga kiunoni. Kinshasa huitwa liputa. Tanzania na Kenya kitambaa cha namna hiyo ni kitenge. Makala hii inahusu matumizi yake kwa mtu anayetembea kwa miguu vilimani na mashambani wakati wa mvua. Pamba peke yake si kinga nzuri ya maji. Kinachokifanya kikwembe kifae njia za utelezi ni kwamba hakina mshono: mvaaji hukifupisha, hukirefusha, hukigeuza au hukivua na kukifunga upya palepale njiani.

Mazingira

Bukavu uko ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale mto Ruzizi unapotoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya Ibanda, Kadutu na Bagira hupanda kutoka hapo. Nje ya mji, nyanda za Kabare na Walungu ziko juu zaidi, na kaskazini-magharibi husimama Mlima Kahuzi wenye mita 3,308. Joto la wastani mjini ni kama nyuzi 20 za Selsiasi. Huko juu asubuhi ni baridi hasa.

Msimu wa mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Kiangazi halisi ni miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti. Udongo wa sehemu kubwa ya eneo hili ni mfinyanzi uliotokana na miamba ya kale ya volkano. Ukikauka huwa mgumu, ukilowa huteleza na kung'ang'ania nyayo, na kwenye miteremko mikali huporomoka. Maporomoko ya ardhi ni tatizo sugu la mitaa ya Bukavu iliyojengwa vilimani.

Watu wengi wanaopita njia hizi kwa miguu ni wanawake wanaokwenda shambani, kisimani, kanisani na sokoni. Mihogo, maharagwe, ndizi, mboga, kuni na makaa hutoka Kabare na Walungu kuingia masoko kama Mudaka, Kadutu na Nyawera. Mzigo mzito hubebwa mgongoni ukiwa umeshikiliwa na kamba inayopita juu ya paji la uso, na mbebaji hutembea ameinama mbele. Mzigo wa kilo 50 si jambo la kushangaza kwa mama anayeishi kwa kazi hiyo. Kwa mtu aliyeinama hivyo, mikono ikishika kamba, nguo ya chini inayokanyagwa kwenye mteremko ni hatari ya kuanguka na mzigo.

Vipimo na aina

Kitambaa huuzwa kwa pisi ya yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, yenye upana wa sentimita 115 hadi 120. Pisi hiyo hukatwa vipande vitatu, kila kipande yadi 2. Kwa vazi la kutoka, kipande kimoja hushonwa blauzi, cha pili hufungwa kiunoni, na cha tatu hufungwa juu ya cha pili au huchukuliwa begani.

Vitambaa vinatofautiana kwa namna vilivyochapwa. Katika uchapaji wa nta, utomvu au nta huzuia rangi pande zote mbili, hivyo ua huonekana sawasawa mbele na nyuma. Katika uchapaji wa bei nafuu rangi hupigwa upande mmoja, na upande wa pili hubaki umefifia. Tofauti hiyo huonekana haraka kwenye mvua, kwa sababu kitambaa duni huchuja rangi na kuacha madoa kwenye blauzi na kwenye nguo ya ndani. Hivyo kikwembe cha njiani aghalabu ni kile kilichokwisha kufuliwa mara nyingi, wanga wake umetoka na rangi iliyobaki haitoki tena. Kikwembe kipya hubaki sandukuni kikingojea Misa, harusi au sherehe za 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani.

Namna ya kufunga

Kitambaa hupitishwa nyuma ya kiuno. Ncha moja hulazwa kwenye nyonga ya upande wa pili, na nyingine huletwa juu yake, ikazungushwa na kuchomekwa au kufungwa fundo kwa pembe. Tabaka mbili hukutana mbele, kwa hiyo mguu unaponyanyuliwa kitambaa hufunguka kidogo bila kuacha paja wazi. Ndani huvaliwa sketi nyepesi, kaptula au suruali ya kubana.

Kwenye barabara kavu pindo hufika kwenye kifundo cha mguu. Mvua ikianza, mvaaji hushika kitambaa kiunoni, hukivuta juu kwa kiasi cha shubiri moja au mbili na kukikunja kile kilichozidi kwenye mkanda wake, mpaka pindo likae chini kidogo ya goti. Mkunjo huo hufanya kazi mbili: huondoa kitambaa kwenye tope, na hukaza kiuno chini ya mzigo. Kupanda hutaka pindo fupi mbele. Kushuka hutaka pindo fupi nyuma, kwa maana kisigino ndicho kinachokanyaga kitambaa mtu anapoteremka upande upande. Nguo iliyoshonwa haina nafasi ya marekebisho hayo.

Kitambaa cha pili ndicho akiba. Kikiwa kikavu hubaki ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mzigo. Kikihitajika, hufunika kichwa na mabega, hufunga mtoto mgongoni, au hukunjwa kuwa ngata chini ya ndoo. Mvua ikiisha, kile kilicholowa hufunguliwa na kukamuliwa na watu wawili, kila mmoja akishika ncha yake na kusokota kinyume cha mwenzake, na kile kikavu hufungwa mahali pake. Karibu na mji miguu huoshwa kwenye mfereji au bomba, kambambili au viatu huvaliwa, na pindo hushushwa tena hadi kifundoni.

Pamba, maji na baridi

Pamba hunywa maji upesi. Ikilowa, nafasi ndogo za hewa kati ya nyuzi zake hujaa, kitambaa hulala juu ya ngozi, na joto la mwili hupotea. Maji nayo hupanda taratibu kutoka kwenye pindo hata mvua ikiwa imekatika. Ndiyo maana pindo lililoburutwa topeni hulowesha mpaka magotini.

Kwa upande mwingine kikwembe ni chepesi, na tabaka lake ni moja au mbili tu. Kikikamuliwa na kupigwa na upepo hukauka mapema kuliko suruali nene ya jinzi, ambayo mishono na mifuko yake hushika maji. Ngozi ya miguu iliyo wazi chini ya goti haishiki maji wala tope kwa muda mrefu, nayo huoshwa kwa kopo moja la maji. Kinga dhidi ya baridi hutoka mahali pengine: mwendo wenyewe, sweta ya juu, na kile kitambaa cha pili kilichohifadhiwa kikavu.

Historia

Kabla ya vitambaa vya pamba kuenea, watu wa eneo la Maziwa Makuu walivaa ngozi na nguo za magome ya mtini. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo ilileta Ujiji na Maniema shehena za merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa Marekani, pamoja na kaniki kutoka India. Kitambaa kilikuwa nguo na pia fedha. Kipimo chake kilikuwa shuka, mikono minne au yadi 2, na shuka mbili zilifanya doti moja. Kipande cha yadi 2 anachojifunga mama wa Bukavu leo kina urefu uleule wa shuka ya misafara.

Chapa za nta zilifika kwa njia nyingine. Viwanda vya Uholanzi, kikiwamo kile kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846 na kinachojulikana leo kwa jina la Vlisco, viliiga batiki za Java kwa mashine, kisha vikapata soko Afrika Magharibi mwishoni mwa karne ya 19. Kutoka huko mtindo ulienea hadi Kongo. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Bukavu ukiitwa Costermansville, wakulima wa bonde la Ruzizi walilimishwa pamba. Vitambaa vilitengenezwa Léopoldville na kampuni ya Utexléo, na Albertville, Kalemie ya leo, na Filtisaf. Baada ya uhuru Sotexki ya Kisangani ilijiunga na wazalishaji hao. Leo sehemu kubwa ya vitambaa vilivyoko sokoni Kadutu hutoka Asia.

Siasa nayo iliingia kwenye kiuno cha mwanamke. Katika kampeni ya uhalisi ya Rais Mobutu Sese Seko, miaka ya 1970, wanaume walitakiwa kuvaa abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, na wanawake walikatazwa suruali na sketi fupi. Kikwembe kikawa vazi rasmi la mwanamke wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Masharti hayo yalilegea baada ya hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990 iliyofungua mlango wa vyama vingi.

Mavazi ya jamaa moja

Nguo ya kujifunga kiunoni kwa mwendo wa mvua si ya Kivu peke yake, wala si ya wanawake peke yao. Wanaume wa pwani ya Waswahili huvaa msuli na kikoi, na wavuvi huukunja msuli juu ya magoti wanapoingia majini. Wamasai hutembea nyikani na shuka begani.

Mfano wa mbali unaojulikana sana ni kilti ya Uskoti, nayo ni nguo ya mwanaume ya nchi ya vilima na manyunyu. Umbo lake la zamani, lililoandikwa tangu mwisho wa karne ya 16, lilikuwa blanketi refu la sufu lisiloshonwa: nusu ilifungwa kiunoni kwa mkanda, nusu ilifunika mabega, na usiku mvaaji alijifunika yote. Kilti fupi ilitokea karne ya 18. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1746 iliipiga marufuku Uskoti isipokuwa kwa askari, na ikafutwa mwaka 1782. Kilti ya leo hutumia hadi yadi 8 za sufu, na marinda yake yameshonwa. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya mtu kuhisi imelowa, nayo hubaki na joto, jambo ambalo pamba haiwezi. Lakini uzito ndio ulioiponza: katika mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia marinda yalijaa tope, na yakiganda kwa baridi yalikata ngozi nyuma ya magoti. Kikwembe hakina joto la sufu, lakini kimebaki na faida ambayo kilti iliiacha iliposhonwa marinda, yaani kufunguliwa na kufungwa upya.

Mipaka yake

Kikwembe hakifai kila mahali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, njia za kuwafuata sokwe hupita kwenye upupu, miiba na siafu, na wageni hushauriwa kuvaa suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, pamoja na buti. Kwenye pikipiki, ambayo ni usafiri wa kila siku Bukavu, ncha iliyolegea huweza kunaswa na gurudumu au mnyororo, kwa hiyo abiria hukusanya kitambaa chote na kukikalia. Mashambani mwenye kusimama majini hupendelea kukivua na kubaki na kaptula.

Matumizi ya sasa

Suruali, sketi ya kushonwa na buti za mpira vimeenea mjini na vijijini, hasa kwa wasichana wa shule na wanafunzi wa vyuo. Hata hivyo vinavaliwa pamoja na kikwembe mara nyingi kuliko vinavyokiondoa. Msichana wa chuo anayerudi kwao Walungu wikiendi hujifunga kikwembe juu ya suruali kabla ya kushuka garini: suruali inamlinda na umande na majani, kikwembe kinamlinda na tope, na akifika mlangoni kwa wazee kile kitambaa kinatimiza heshima ya nyumba. Wabebaji wa Kadutu nao huvaa kaptula ndani, kikwembe juu, na kingine chakavu zaidi mgongoni kati ya mwili na gunia, ambacho kikilowa hubadilishwa na kile cha kiunoni.