Kubadili anwani ya mtandao na jina la seva: Hatua zinazolinda huduma kwa wananchi

Operesheni ya Anwani za Makazi iliyotekelezwa nchini mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, iliipa nyumba namba na barabara jina ili anayetafuta mahali apafikie bila kuulizia njiani. Seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ina namba na jina kwa sababu hiyo hiyo. Namba ni anwani ya IP, mfano 10.20.5.14, ambayo mashine huitumia kufikiana. Jina hutumiwa na watu kwa kuwa ni rahisi kukumbukwa.

Seva hulazimika kubadilishiwa anwani ofisi inapohamia jengo jipya, mtandao unapopangwa upya au vifaa vinapoongezeka. Seva nyingi za aina hii hutumia Linux, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, ambao mipangilio yake huhifadhiwa katika mafaili ya maandishi.

Maandalizi

Mtaalamu wa TEHAMA huanza kwa kunakili mipangilio iliyopo na kuorodhesha mifumo yote inayotegemea anwani ya zamani. Katika kituo cha afya chenye seva yake, kompyuta za mapokezi, maabara, famasi na dirisha la malipo zinaweza kuwa zimeelekezwa kwenye anwani hiyo moja. Ikibadilishwa bila taarifa, mgonjwa husajiliwa kwa karatasi na majibu ya vipimo hayaonekani kwa daktari. Aidha, huhakikisha kuwa anwani mpya haitumiwi na kifaa kingine, kwani vifaa viwili vyenye anwani moja huvurugiana mawasiliano.

Utekelezaji

Jina hubadilishwa kwa amri ya hostnamectl set-hostname ikifuatiwa na jina jipya. Faili la /etc/hosts nalo hurekebishwa, la sivyo seva huendelea kulitafuta jina lake yenyewe kwa kumbukumbu ya zamani. Anwani hubadilishwa kwa Netplan katika Ubuntu, au kwa nmcli katika Red Hat na jamaa zake. Mambo matatu huandikwa pamoja: anwani yenyewe, lango la kutokea na seva ya majina.

Tahadhari ya kufanya kazi kwa mbali

Jiografia ya Rukwa inaipa hatua hii uzito wa pekee. Mtaalamu aliyeko Sumbawanga mjini anaweza kuhudumia seva iliyoko Mtowisa, katika Bonde la Ziwa Rukwa, kwa njia ya mtandao. Lakini anapobadili anwani ambayo yeye mwenyewe ameingilia, mawasiliano hukatika papo hapo. Akikosea tarakimu moja, hana budi kutoka katika uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka Lyamba lya Mfipa hadi bondeni, huku wananchi wakisubiri.

Njia salama ni kuongeza anwani mpya bila kuondoa ya zamani, kuingia kwa kutumia hiyo mpya, kisha kuifuta ya awali. Netplan pia ina amri ya netplan try, ambayo hurejesha mipangilio ya zamani baada ya sekunde 120 iwapo mabadiliko hayakuthibitishwa.

Baada ya mabadiliko

Kumbukumbu za seva ya majina husahihishwa. Iwapo kumbukumbu huhifadhiwa kwa saa 24, baadhi ya watumiaji wanaweza kuendelea kuelekezwa kwenye anwani ya zamani kwa muda huo. Hivyo hushauriwa kuupunguza hadi sekunde 300 siku moja au zaidi kabla ya kazi. Cheti cha usalama cha tovuti hukaguliwa endapo jina limebadilika, na seva huwashwa upya ili kuthibitisha kuwa mipangilio inadumu hata umeme ukikatika.

Kazi hii hufaa kufanywa nje ya saa za huduma, kwa taarifa ya mapema kwa watumishi. Hukamilika pale tu mtumishi wa dirishani anapofungua mfumo asubuhi na kumhudumia mwananchi wa kwanza bila tatizo.