Kimya kwenye simu si ridhaa: vijana wetu katika miezi ya karantini



Ndugu wazazi, watoto waliokuwa na miaka 14 mwaka 2020 sasa ni watu wazima, wanaposa na kuposwa. Ndiyo maana tumeona turudi nyuma kidogo.

Hapa Kenya shule zilianza kufungwa tarehe 16 Machi 2020, na kafyu ikafuata tarehe 27. Mwezi wa Aprili Mombasa ikawa haiingiliki wala haitokeki. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale na Eastleigh kule Nairobi vikafungwa peke yake. Misikiti kimya, vyuo kimya, tarawehe tukaswali majumbani. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, wengine Januari 2021. Jirani zetu wa Uganda walionja zaidi, maana kwao shule hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022.

Masomo yakawa yanakuja kwa WhatsApp. Simu ya mzazi ikawa ya mtoto, na mlango ukafungwa ili wadogo zake wasimsumbue. Hatumlaumu mzazi kwa hilo, angefanyaje? Na kuandikiana kwa siri hakukuanza hapo. Zamani wasichana wa pwani walitawishwa, na barua zikapita vilevile. (Wazee wanaojifanya hawajui, wanajua.) Ila barua ilikuwa karatasi moja, ikichanwa imekwisha. Picha ya simu humfikia mmoja, na kwa kubonyeza mara moja wanayo hamsini.

Picha hizo zilipoanza kusambaa, vijana walituletea hoja: "Ustadh, hakukataa. Alinyamaza." Na wapo walioitegemeza kwa hadithi ya mwanamwali ambaye kimya chake ni idhini yake.

Hapo lazima tusimame. Hadithi ile inahusu ndoa. Msichana anaulizwa waziwazi, mbele ya walii wake, juu ya mume anayejulikana, naye anaona haya kusema ndiyo. Mafakihi wakaongeza kwamba akionyesha dalili za kuchukia, kimya chake hakihesabiki. Na Khansa bint Khidham, aliyeozwa na babake bila kupenda, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akaivunja ndoa ile. Ikiwa baba mzazi hakuruhusiwa kuipita ridhaa ya binti yake, kijana wa miaka 17 mwenye simu ameipata wapi ruhusa hiyo? Binti aliyenyamaza saa sita za usiku, baada ya kuombwa picha mara kumi na kutishiwa kuachwa, hajaridhia kitu.

Binti aliyetuma amekosea, hatufichi. Lakini kosa lake halimhalalishii mwingine kusambaza, na Suratun-Nur, aya ya 19, inawaonya vikali wanaopenda uchafu uenee kati ya waumini. Tunasikitika kwamba katika nyumba nyingi aliyepigwa ni msichana, na aliyesambaza akaambiwa ni utoto. Sheria ya Kenya haioni utoto hapo. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inamtoza anayesambaza picha za faragha za mtu faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na ikiwa aliye pichani hajatimiza miaka 18, kuna kifungu kingine kizito zaidi, wala ridhaa yake haimwokoi aliyesambaza.

Shule zilipofunguliwa, simu zilirudi kwa wazazi. Picha hazikurudi. Sasa posa zinaingia, na wasichana wale wanatuuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima wamweleze mchumba. Tunawajibu: hapana, mwanangu. Umetubu, na Mwenyezi Mungu amekusitiri, nawe jisitiri. Mwenye kazi ya kufanya ni yule ambaye picha bado imo simuni mwake. Aifute leo.

Wabillahi tawfiq.