Nidhamu ya mawakili

Nidhamu ya mawakili ni utaratibu wa kisheria wa kupokea malalamiko dhidi ya wakili, kumsikiliza na kumwadhibu akipatikana na hatia ya kukiuka maadili ya kazi yake. Nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Sheria ya Kenya inahesabu kuwa ni utovu wa nidhamu mwenendo wowote wa aibu usiolingana na hadhi ya uwakili. Maneno hayo ni mapana, na upana wake umezaa haki na matatizo pia.

Kushindwa kesi si kosa. Wakili aliyejiandaa, akafika mahakamani na kujenga hoja zake, hana la kujibu hata mteja akitoka mikono mitupu. Kosa huanza anapoacha kesi ikafutwa kwa kutohudhuria, anapokalia jalada bila kumwambia mteja neno, anapotoa siri za mteja, anapowatetea wawili wenye maslahi yanayogongana, au anapotuma madalali wodini wamtafutie majeruhi.

Lakini fedha ndizo zinazowavunja watu moyo kuliko yote. Chukua mwendesha bodaboda aliyegongwa na kuvunjika mguu. Anatia saini karatasi za kumpa wakili kazi, anarudi nyumbani kusubiri. Fidia ikikubaliwa, kampuni ya bima inaandika hundi kwa jina la ofisi ya wakili, jambo ambalo ni la kawaida na halali. Kuanzia hapo simu za mteja hazipokelewi. Akifika ofisini, karani anamwambia wakili yuko kortini, arudi wiki ijayo. Mwisho anakwenda mwenyewe kwenye kampuni ya bima na kuonyeshwa nakala ya hundi iliyolipwa zamani. Mguu umeunga vibaya, pikipiki imeuzwa, na pesa zilizokuwa zimtibu zimeshaliwa.

Kanuni za hesabu za mawakili zinataka fedha za mteja ziwekwe kwenye akaunti ya pekee ya wateja, zisichanganywe na za ofisi. Kuzichukua ili kulipa kodi ya ofisi ni ukiukaji, hata kama zitarudishwa kesho yake. Tena kifungu cha 80 cha sheria ya Kenya kinamtia hatiani kwa jinai wakili aliyekabidhiwa fedha kwa kazi fulani, kazi ikaisha, naye akashindwa kuzilipa au kuzitolea hesabu. Kwa hiyo tendo moja laweza kumfikisha mbele ya wanataaluma wenzake na mbele ya hakimu pia.

Mlalamikaji nchini Kenya ana milango miwili. Wa kwanza ni Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoanzishwa mwaka 1989 chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Tume humwandikia wakili ajieleze, na mara nyingi hupatanisha: jalada linarudishwa, hesabu inatolewa. Mambo mazito huyapeleka mbele ya Jopo la Nidhamu. Mlango wa pili ni kwenda kwenye jopo hilo moja kwa moja kwa hati ya kiapo, ikiambatanishwa na risiti, barua na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kilicholipwa. Ndani ya jopo, pamoja na mawakili, wamo watu watatu wasio mawakili. Hilo ni jambo jema sana, kwa kuwa mtu aliyedhulumiwa na wakili ana sababu ya kuogopa kuhukumiwa na mawakili watupu.

Adhabu ni karipio, faini isiyozidi shilingi milioni 1, kusimamishwa kazi kwa muda usiozidi miaka 5, au kufutwa jina katika orodha ya mawakili. Jopo laweza pia kumwamuru wakili amlipe mlalamikaji fidia isiyozidi shilingi milioni 5. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Tanzania Bara kazi hii hufanywa na Kamati ya Mawakili, yenye jaji wa Mahakama Kuu, upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wakili anayetoka katika Chama cha Mawakili wa Tanganyika (TLS). Muundo huo huzua swali zito pale serikali yenyewe inapokuwa mlalamikaji. Fatma Karume, aliyewahi kuwa rais wa TLS, alisimamishwa na Mahakama Kuu Septemba 2019 kwa sababu ya maneno ya hoja zake katika kesi iliyopinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu. Mwaka uliofuata kamati ikamfuta katika orodha. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo. Wakili anayepima kila neno kwa hofu ya leseni yake hawezi kumtetea mteja ipasavyo, na anayeumia ni mteja.

Afrika Kusini ililikabili jambo la namna hii mapema. Mwaka 1954 chama cha mawakili wa Transvaal kiliomba jina la Nelson Mandela lifutwe, kwa kuwa alitiwa hatiani kutokana na kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi. Mahakama ilikataa: kosa lake halikuwa na udanganyifu wala tamaa ya kujinufaisha, basi halikuonyesha kwamba hafai kuaminiwa na wateja. Mohandas Gandhi hakupata bahati hiyo. Chama cha mawakili cha Inner Temple, London, kilimfuta mwaka 1922, akarejeshwa mwaka 1988, miaka 40 baada ya kufa.

Vyombo hivi vyote havina meno juu ya vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili bila kuandikishwa. Kwa kuwa jina la kishoka halimo katika orodha, hakuna cha kufuta. Aliyetapeliwa naye hana budi kwenda polisi.