Aleriji ya vumbi: kwenye chumba cha kulala, anzeni na matela

Tangu vita vya Februari 2024 karibu na Sake, jamaa nyingi za Mubambiro zilikimbia na kupoteza vitu vya nyumba. Wale waliorudi wananunua tena polepole. Kama nyumbani kuko mutu wa asma, ao mutu anayepiga chafya na kuwashwa macho kila asubui, ni muzuri kujua cha kununua mbele.

Wengi wanasema ni vumbi ya volkano. Kweli, ile inasumbua mapafu. Lakini aleriji ya vumbi ya nyumba inaletwa sana na vidudu vinavyoitwa akariani. Havifiki hata nusu milimita, macho hayavioni. Vinakula ngozi kavu inayotuanguka na vinapenda mahali penye joto na unyevu. Mavi yao ndiyo inaleta aleriji. Makao yao makubwa ni matela na mito.

Matela. Kama franga ni kidogo, zianzie hapa. Shonesheni mufuko wa kitambaa kizito, kilichofumwa karibu-karibu, unaofunika matela pande zote na kufungwa na tireti. Mto pia. Nailoni inaweza kusaidia, lakini isilegee kwenye kitanda cha mutoto mudogo: inaweza kumuziba pumzi.

Kitanda. Mbao ao chuma, chenye miguu, ili hewa ipite chini. Kisifunikwe na kitambaa kwenye kichwa. Kama fundi amepaka verni, kikauke inje mbele ya kulalia. Harufu yake inaweza kuamsha asma.

Kabati. Lenye milango, nguo zisibaki wazi.

Vya kuacha. Tapi, rido nzito, viti vya kitambaa na midoli ya manyoya.

Kila juma, fueni mashuka kwa maji ya moto, digri 60 ao zaidi. Jua linakausha vidudu, lakini mavi yao inabaki mpaka kufua. Pangusa vitu na kitambaa chenye maji, kwa sababu ufagio unarusha vumbi. Na jiko la makala lisiingie chumbani.

Haya yote pamoja yanapunguza taabu, hayaponyeshi asma. Mugonjwa asiache dawa alizopewa. Akishindwa kusema juu ya pumzi, ao midomo ikibadilika rangi, mumufikishe kituo cha afya saa ile ile.